Chumvi kwenye mkate, na kwa nini jeni hazifiki za kwanza

Chukua kilo moja ya unga wa ngano, chumvi gramu 20, maji kama mililita 600. Huo ni mkate wa kawaida kabisa, ule unaokandwa usiku hapa Goma na saa kumi na mbili asubuhi uko tayari kwenye beseni pale Birere au Majengo. Sasa piga hesabu ukiwa upande wa levire, yaani hamira. Chumvi haikai kwenye unga, inakaa kwenye maji, kwa hiyo levire inajikuta ndani ya maji yenye gramu 33 za chumvi kwa lita, na bahari yenyewe, ile ya Mombasa na Dar, iko na gramu 35 hivi. Yaani kila usiku kuna mtu mtaani kwako anachukua viumbe hai mabilioni, wametulia kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu na sukari kidogo, anawatupa baharini, anafunika na kitambaa, anaenda kulala kidogo. Ziwa letu hata halikaribii hapo, maji ya juu ya Kivu yana kama gramu moja tu kwa lita, ingawa huko chini chumvi inaongezeka na njo moja ya vitu vinavyofanya maji ya chini yawe mazito na kubaki huko na gesi zake, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

Aliyenichokoza ni mama mmoja jirani, anapika mikate kwa furu (tanuri) ya matofali nyuma ya nyumba. Mimi nafundisha biyoloji kwenye lise (sekondari) moja hapa mjini, na mtoto wake alirudi nyumbani akisoma kwa sauti somo la chumvi na mikrobe. Jioni mama akanisimamisha njiani: "Mwalimu, munafundisha batoto eti munyu inaua mikrobe. Levire si mikrobe? Mbona naweka munyu kila siku na mkate inapanda?"

Nikamwambia, mama, inapanda kwa sababu levire inajua kujitetea.

"Inajua namna gani, iko na kichwa?"

Kichwa haina. Iko na jeni karibu 6,000, yaani maagizo ya kutengeneza protini, na protini chache zilizopangwa vizuri kuliko ofisi nyingi ninazozijua. Jibu fupi nilimpa palepale, hili hapa njo jibu refu, na nalitoa polepole juu nadhani hata vitabu vyetu vya shule vinalisimulia kwa mpangilio usio wake.

Kwanza tuelewane chumvi inafanya nini. Watu wanadhani inaingia na kuchoma seli. Inaingia, ndiyo, lakini baadaye. Kitu cha kwanza ni maji kutoka. Kama unaweza kupata levire mbichi, ile ya kipande laini rangi ya krimu (huku haipatikani kirahisi, sisi ni watu wa pakiti za unga mkavu), ivunjevunje kwenye sahani halafu mwagia kijiko cha chumvi kavu na uanze kusaga na kijiko. Hujaongeza tone la maji. Lakini baada ya muda mfupi kile kitu kilichokuwa kinavunjika kama jibini kinaanza kung'aa, kinalegea, kinakuwa uji unaomiminika. Yale maji yametoka wapi? Yametoka ndani ya seli. Zimekamuliwa. Waoka mikate wanalijua hilo na njo maana wanakuambia usimwage chumvi moja kwa moja juu ya levire mbichi, kipimo hicho ni kikali mno hata kwa seli inayojua kujitetea.

Kwenye unga uliokandwa ni tofauti kwa sababu chumvi imetawanyika. Seli inanywea, haikauki. Inanywea haraka lakini, chini ya dakika moja imeshapoteza sehemu kubwa ya ukubwa wake, ngozi yake ya ndani haisukumi tena ukuta kwa nguvu, na kila kitu kilichomo ndani kimebanana. Kwenye labo wanaochunguza jambo hili mara nyingi wanatumia chumvi kama gramu 23 kwa lita. Ukiangalia vizuri, mkate wa mama jirani ni jaribio kali kuliko lao.

Sasa seli ifanye nini? Haiwezi kupunguza chumvi ya nje. Kinachobaki ni kuongeza kitu ndani, ili maji yaone sababu ya kurudi. Ingeweza kuingiza chumvi yenyewe, lakini sodiamu ikizidi ndani inavuruga kazi ambazo protini zimezoea kufanya na potasiamu. Kwa hiyo levire inatengeneza kitu kisichoudhi mtu, inakitengeneza yenyewe kutoka kwenye sukari, na hicho kitu ni gliseroli. Ndiyo, gliserini ileile ya chupa ndogo ambayo dada zetu wananunua kupaka ngozi msimu wa vumbi. Inashika maji, haina chaji, haigombani na protini. Seli inaijaza tumboni mwake hadi uzito wa ndani na wa nje ulingane tena, maji yanarudi, seli inavimba, maisha yanaendelea.

Lakini ilijuaje? Hapa njo utamu.

Kwenye ngozi ya levire kuna protini inaitwa Sln1. Ukisikia "kihisio cha chumvi" unafikiri kitu kilicholala kinachoamka chumvi ikija. Ni kinyume. Sln1 inafanya kazi wakati wote mambo yakiwa sawa. Inatoa fosfeti, kipande kidogo cha kemikali ambacho protini hubandikiana kama alama, inaipitisha kwa protini ya pili Ypd1, nayo inaibandika kwa ya tatu, Ssk1, na Ssk1 ikiwa na fosfeti inanyamaza. Ni sawa na yule zamu wa usiku anayepiga filimbi kila baada ya muda kuonyesha yuko macho: mradi unaisikia unalala, siku filimbi ikikatika njo unaruka kitandani. Seli ikinywea, Sln1 inaacha. Fosfeti haifiki tena, Ssk1 inabaki wazi, inaamsha kinasi mbili (protini za kubandika fosfeti kwa wenzake), Ssk2 na Ssk22, zinaamsha Pbs2, na Pbs2 inaamsha mkubwa wa kazi yote, Hog1. (Kuna njia ya pili pia, inapitia protini Sho1, inaishia kwenye Pbs2 ileile, lakini niiache.) Kazi ya Hog1 na Pbs2 kwenye chumvi ilitangazwa mwaka 1993, mwaka uliofuata kikundi kingine kikaonyesha upande wa Sln1, na kitu kilichonifanya niwapende wale watu ni jaribio moja dogo: waliondoa jeni ya Sln1 kabisa. Seli ikafa. Hakuna chumvi, hakuna shida yoyote, chakula kipo, imekufa. Kwa sababu filimbi haipo, Hog1 inafanya kazi bila kusimama. Halafu ukiondoa na Hog1 pia, seli inapona. Maana yake kilichoua ni ulinzi wenyewe kushindwa kuzimwa.

Weka hilo pembeni, nitalirudia.

Simulizi la kitabu linaendelea hivi: Hog1 ikishaamshwa inakimbilia kwenye kiini cha seli, na hapo inawasha jeni. Ni kweli kabisa. Ndani ya dakika kama tano nyingi imeshaingia kiinini, ukiiwekea rangi ya kung'aa unaona doa moja linawaka katikati ya kila seli. Inakutana na protini zinazokaa kwenye ADN (DNA, uzi unaobeba jeni), Hot1, Sko1, Msn2 na Msn4, kila moja ina jeni zake. Sko1 inanifurahisha zaidi: siku za kawaida inakalia jeni na kuzizuia, imeita na wenzake wa kusaidia kuzuia, kisha Hog1 inaigusa na fosfeti na Sko1 ileile, haijaondoka mahali pake, inageuka kuwa mtu wa kuita mashine ya kunakili. Na Hog1 haikai mbali ikitoa amri, inakwenda yenyewe kukaa juu ya jeni, inavuta pale ARN polimerasi, mashine yenyewe ya kunakili jeni, inavuta hata Rpd3, ambayo wanafunzi wangu wanafundishwa kwamba inafunga kromatini (ADN ikiwa imesokotwa na protini zake), kumbe kwenye jeni za chumvi inasaidia kuzifungua. Jeni mamia zinabadilika. GPD1, ya anzime (protini inayoendesha kazi za kemikali) inayotengeneza gliseroli, inapanda sana. Wakati huohuo jeni za kutengeneza ribosomu, viwanda vya protini, zinashushwa, juu huwezi kujenga viwanda wakati huu, na mgawanyiko wa seli unasimamishwa.

Vizuri. Lakini angalia saa.

Kunakili jeni kunachukua dakika. ARN, ile nakala ya jeni, itoke kiinini, isomwe, protini ijengwe, ijikunje, ianze kazi, ziwe nyingi kiasi cha kutosha, hapo tunaongelea dakika kumi, ishirini, thelathini. Seli ilinywea chini ya dakika moja. Nani aliishikilia katikati? Hili swali mimi sikulisikia hata mara moja nikiwa mwanafunzi, tulichora mishale: stres, jeni, protini, uhai, tukapewa pointi zetu.

Na kuna jambo baya zaidi. Protini nyingi zinashikilia ADN kwa mvuto wa chaji, na chumvi inadhoofisha mvuto huo, mtu yeyote aliyewahi kusafisha protini labo anajua, ukitaka kuitoa kwenye ADN unaongeza chumvi. Basi mwaka 2004 watafiti Markus Proft na Kevin Struhl walionyesha kwamba hicho kinatokea ndani ya seli hai: chumvi ikija ghafla, protini zilizo nyingi zinabanduka kutoka kwenye ADN. Zile zilezile zinazotakiwa kuwasha jeni za kujiokoa. Yaani moto umewaka na ufunguo wa chumba cha maji uko ndani ya moto. Seli ingekuwa inategemea jeni peke yake ingekuwa imekwisha.

Kinachoiokoa ni Hog1, lakini Hog1 ya nje ya kiini, inayofanya kazi ya fosfeti tu bila kugusa jeni yoyote. Inakwenda kwenye protini zilizopo tayari kwenye ngozi ya seli, Nha1 inayotoa sodiamu nje na Tok1 ya potasiamu, inazigusa, ioni zinaanza kurudi kwenye mpangilio, na ndipo protini zinaweza kurudi kukaa kwenye ADN. Seli isiyo na Nha1 inachelewa kuwasha jeni zake za chumvi. Kuna pia mlango unaoitwa Fps1 ambao gliseroli inapitia kwenda nje, huo unafungwa mapema kabisa, na hilo ni jambo la akili sana ukifikiria, seli kila siku ina gliseroli kidogo inayovuja bure, ukifunga mlango tu umeshaanza kujaza tangi hata kabla ya kuongeza uzalishaji. Uzalishaji nao unaongezeka bila kusubiri jeni, sukari inaelekezwa upande wa gliseroli kwa anzime zilizopo.

Mwaka 2008 kikundi kimoja Marekani kilifanya jaribio ambalo ningependa liingie kwenye programu ya shule zetu. Walifunga Hog1 kwenye ngozi ya seli isiweze kuingia kiinini. Jeni nyingi ambazo Hog1 inaziwasha hazikuwaka tena inavyotakiwa. Kwa mujibu wa mishale yetu ya daftari, seli hizo zilitakiwa kufa. Hazikufa, zilivumilia.

Kwa hiyo jeni ni za nini? Nimesikia watu wakitumia jaribio hilo kusema eti uwashaji wa jeni ni mapambo, na mimi siafiki. Kwanza levire haijui kama chumvi ni ya dakika kumi au ya wiki nzima. Protini zinachakaa, gliseroli inatumika, na sodiamu iliyokwisha kuingia lazima itolewe kwa nguvu: kwa hiyo kuna jeni ENA1, ya pampu inayochoma ATP, mafuta ya seli, kutupa sodiamu nje, nayo inawashwa kwa njia zaidi ya moja, Hog1 upande mmoja na kalsiamu kupitia protini kalsinyurini na Crz1 upande wa pili. Hiyo huwezi kuipata kwa kufunga mlango tu. Na pia ikija chumvi ya pili, seli iliyokwisha kuongeza anzime zake inaikuta iko tayari. Mimi nasema hivi: protini zilizopo zinanunua muda, jeni zinatumia ule muda. Ukifundisha upande mmoja tu umedanganya watoto nusu.

Halafu turudi kwenye ile Sln1 iliyoondolewa. Gliseroli ikijaa, maji yakirudi, seli inavimba na kusukuma ukuta tena, Sln1 inahisi na filimbi inaanza upya. Palepale fosfatesi, Ptp2, Ptp3 na Ptc1, zinabandua fosfeti kutoka kwenye Hog1 na njia yake, Hog1 inatoka kiinini, na kwa chumvi ya wastani ndani ya nusu saa hivi doa lile la kung'aa limefifia. Chumvi bado ipo, haijapungua hata chembe! Alamu imezimwa si kwa sababu adui kaondoka ila kwa sababu ndani kumelingana. Mfumo huu haupimi chumvi, unapima mkazo wa seli yenyewe. Hilo mimi naliona ni ubunifu mkubwa kuliko protini yoyote niliyotaja, na linaeleza kwa nini seli inaweza kuzaa, kula na kupumua ndani ya donge lenye chumvi ya baharini kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama wa mikate hayo yote anayaona kwa macho bila kujua majina. Donge lenye chumvi linachelewa kupanda mwanzoni, halafu linashika mwendo. Siku moja msaidizi wake alisahau chumvi na alinionyesha lile donge: limepanda mbio, limejaa mapovu makubwa, linanata vidoleni, na kwenye furu likaporomoka katikati. Sehemu ya hilo ni kazi ya gluteni, chumvi inaikaza, lakini sehemu ingine ni levire ambayo haikuwa na kitu cha kuipunguza kasi, sukari nyingi inayoipata levire inakuwa gesi na pombe.

Mimea nayo iko na mambo yake. Kwenye mmea mdogo wa Arabidopsis, kikundi cha mtafiti Jian-Kang Zhu kilipata njia inayoitwa SOS: chumvi inaleta wimbi la kalsiamu, SOS3 inalisoma, inaamsha kinasi SOS2, nayo inaigusa SOS1, mlango unaotoa sodiamu nje. Unaona tena, kwanza fosfeti juu ya mlango uliopo, na jeni zinafuata nyuma.

Figo zako je? Damu yako iko kwenye 290 hivi kwa kipimo cha osmolariti, yaani wingi wa vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, lakini kwenye kitovu cha figo, usiku wakati hujakunywa maji na figo inakamua mkojo uwe mzito, inaweza kufika 1,200. Seli za pale zinaishi kwenye chumvi na urea ambayo ingeua seli zako za kawaida. Hog1 ina ndugu yake ndani yetu, p38, iliyotambuliwa mwaka 1994, na kwenye jeni kuna NFAT5, iliyotangazwa mwaka 1999 ikiwa na jina lingine pia, TonEBP, inayowasha jeni za kutengeneza sobitoli na za kuingiza betaini na inositoli. Ni mbinu ileile ya kujaza ndani kwa kitu kisichogombana na protini, ila hapa hakuna kuzima baada ya nusu saa, kwa sababu figo chumvi ni nyumbani kwake. Panya walioondolewa NFAT5 wengi walikufa kabla ya kuzaliwa, na wachache waliobaki figo zao zilikuwa zimesinyaa hukohuko kitovuni.

Na mikrobe? Mtoto wa mama jirani hakukosea, nyingi zinashindwa, njo maana makayabu, samaki wa chumvi, inakaa bila kuoza. Lakini kuna siku utaona pale soko la Virunga kipande cha makayabu kimeingia rangi ya pinki, wakati mwingine nyekundu kabisa pembezoni mwa mgongo, na mwenye meza anakigeuza upande wa pili haraka ukimtazama. Ile rangi ni ya viumbe wapenda chumvi, jamaa ya Halobacterium, ambao wamekuja na chumvi yenyewe kutoka kwenye mashamba ya chumvi. Hao hawatengenezi gliseroli. Wamekubali chumvi ndani, wanajijaza kloridi ya potasiamu hadi ilingane na ya nje, na protini zao zimebadilika zote kwa vizazi vingi ziweze kufanya kazi humo. Wamepata uvumilivu ambao levire haiwezi kuuota, lakini ukiwatia kwenye maji matamu wanapasuka. Levire inaweza kuishi kwenye kikombe cha maji na kwenye donge la mkate usiku huohuo, na bei ya uhuru huo ni mashine yote niliyoieleza.

Nilipomsimulia mama jirani toleo fupi la haya, alisikiliza, akapangusa mikono, kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia: kwa nini mandazi yake, ambayo anaweka chumvi kidogo mno, yanachelewa kupanda kuliko mkate? Nikamuuliza anaweka sukari kiasi gani. Nyingi. Basi jibu ni hilohilo, mama. Sln1 haijui tofauti ya chumvi na sukari, ikinywea imenywea, na sukari nyingi inavuta maji vilevile. Hog1 inaamka, gliseroli inajazwa. Kuna levire zinazouzwa maalumu kwa unga wenye sukari nyingi, zinavumilia zaidi, lakini kama dukani ipo ya kawaida tu, ongeza levire kidogo au tia sehemu ya sukari baadaye, donge likishaanza kupanda.

"Sukari nitatia baadaye," akasema, "levire imepanda bei."